Jicho Lililonyooshwa

8 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini bahasha hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na huyo Bwana Mkubwa wenu. Mimi nipo, afya nzuri, ila viwiko na magoti vinanilaumu kwa kulala kifudifudi siku nzima. Wateja wanadhani mpiga picha anafanya kazi amesimama. Waje waone. Mtoto wa miaka mitatu ukimpiga picha umesimama unapata paji la uso na nywele, basi. Lazima ushuke mpaka macho yako na yake yalingane, na tumbo langu mimi unalijua.

Picha zimetoka. Nimekuwekea tatu ndogo na ile kubwa ya ukutani. Mwanao si mtu wa mchezo. Siku ile ulipokwenda kununua maji aliweka mikono nyuma, akakagua taa zangu moja baada ya nyingine kama aliyetumwa na wizara, halafu akaniuliza kwa nini nimelala chini mchana. Sikumwambia acheke. Mtoto ukimwambia acheke anakuonyesha meno tu. Nilimnong'oneza kwamba ndani ya kamera kuna mtu anaumwa tumbo. Akasogea kumsikiliza, na hapo ndipo nilipompata, mwanga wa dirisha upande mmoja na shuka jeupe upande wa pili la kuurudisha.

Kwenye kompyuta nimemsafisha kidogo. Makamasi nimeyatoa, alama ya mbu shavuni nimeifuta, na jicho nimelinyoosha kama ulivyoomba, kama mwaka jana na mwaka juzi. Nilichukua la kulia, nikaligeuza, nikalipandikiza kushoto, kisha kile kinukta cha mwanga nikakirudisha upande wa dirisha ili mjuzi asinikamate. Unaona sasa? Ulikuwa unasikitika kuikosa tarehe ya kliniki ya macho, eti imegongana na siku ya picha. Nilikwambia kliniki ingoje, na sijakosea. Wao wangemvalisha miwani miaka. Mimi nimemaliza kwa dakika kumi.

Msalimie shemeji.

Kaka yako


20 Februari

Kwako Kaka,

Sisi huku wazima kabisa, na bahasha tumeipokea haijakunjwa hata pembe. Pole na magoti. Punguza tumbo, utaona magoti yatanyamaza.

Shemeji yako ameitundika ile kubwa sebuleni. Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukatoboa bomba la waya, tukakaa bila taa mpaka fundi alipokuja. Lakini imekaa. Jirani wa chini amepanda ngazi zote makusudi kuja kuiona, akasema huyu ni wa kuwekwa kwenye kalenda. Unajua nilivyozoea watu kumtazama mwanangu halafu kutazama pembeni haraka. Juzi nilikaa kwenye kiti nikasikia raha kumwona anatazamwa moja kwa moja. Asante, Kaka. Nasema kwa moyo.

Bwana Mkubwa mwenyewe aliitazama sana, mikono nyuma, akauliza, "Huyu nani?" Baba yake alicheka mpaka akakohoa.

Kliniki wamenipa tarehe nyingine, mwezi wa tano. Yule daktari alishaniambia mara ya kwanza kwamba jicho likikimbia vile mtoto hapimi vizuri karibu na mbali, tusilichukulie mchezo. Kweli juzi alikaa pembeni ya kiti badala ya kwenye kiti, akaanguka, akainuka akakikagua kiti. Lakini nikitazama ukutani naona kama limeshapona, na wasiwasi wote umenitoka.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nikuulize hali kwa maneno gani. Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja, likatengenezwa.

Kule msibani sikukaa na wewe. Nilikuwa nahamisha viti. Kila nilipokuona umekaa pale kwenye mkeka nilikumbuka kuna viti vingine havijahamishwa. Nisamehe.

Nilirudi kazini kesho yake. Walikuja watoto wanne, mmoja hajafika hata mwaka. Nimelala chini, nimewanong'oneza, nimewapata wote vizuri. Nilikuwa nangoja nisikie uchungu na sikusikia kitu. Mama wa yule mdogo aliniuliza kama nina watoto, nikamjibu sina, nina mpwa. Halafu nikaendelea kupanga taa.

Watu wananiuliza ilikuwaje. Nawaambia alianguka ngazini, asubuhi, akiwa na mama yake wanakwenda sokoni. Nimeshaisema mara nyingi hadi inatoka yenyewe.

Kula, hata kidogo.

Kaka yako


17 Mei

Kaka,

Mimi mzima. Nimeandika hivyo kwa mazoea, lakini ni kweli, siumwi popote. Nakula, nalala, nafua. Baba yake amerudi kazini. Nimepiga deki ngazi zote za jengo, kuanzia juu hadi mlangoni, na jirani wa chini akaninyang'anya tambara akilia. Nikamwachia.

Sijalia. Wale wanawake walionizunguka walikuwa wanangoja nilie ili na wao wapate nafasi, nikawa naona kama nawachelewesha. Sijui kilichonipata. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa.

Naomba kitu kimoja. Nataka picha yake ile ya mwanzo, kabla hujaisafisha. Yoyote, ya mwaka huu au ya zamani. Hii ya ukutani baba yake akiitazama anafuta machozi. Mimi nikiitazama simwoni mtu ninayemjua. Jana nilisimama mbele yake muda mrefu nikajaribu kumkumbuka mwanangu, na aliyekuja kichwani ni huyu wa ukutani, macho sawasawa. Nikaogopa. Ndicho kitu pekee nilichokisikia tangu siku ile, hofu. Nikikawia, huyu atamfuta yule.

Unajua simu yangu ni ya kubonyeza, haina kamera. Ya baba yake ina picha mbili, zote amelala. Nataka yenye jicho, Kaka. Yenye makamasi pia, ukiwa nayo.

Mdogo wako


25 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini umeamka salama siku utakayoipata hii. Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kuijibu, kwa sababu jibu ni moja.

Sina.

Nimepekua kompyuta, nimepekua kadi zote za kamera, hata ile iliyopasuka. Nitakueleza ilivyokuwa. Zamani mama mmoja alikuja kuchukua picha ya mwanawe, na mimi nilikuwa nimesahau kuifunga ile ya mwanzo kwenye kompyuta. Akaziona mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, kabla na baada. Alimbeba mtoto wake akamfunika uso na kanga, akatoka kama mtu aliyetukanwa. Tangu hapo nikajiwekea sheria: mteja akiikubali iliyosafishwa, ya mwanzo naifuta siku hiyohiyo. Kwenye kompyuta, kwenye kadi, popote. Asibaki mtu wa kulinganisha. Nilikuwa najivunia sheria hii, nimewafundisha na wenzangu.

Kwa hiyo mwanao nimemfuta mara tatu. Mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila mara uliniandikia kwamba umefurahi, nami nikabonyeza.

Ninachoweza ni kulirudisha kwa mkono. Nililitoa mwenyewe, nadhani nitajua kulirejesha. Ila nikifumba macho namwona alivyonisogelea pale chini, na bado jicho silipati. Niambie unavyolikumbuka. Lilikuwa la kushoto kwake au kushoto kwangu nikimtazama, lilikwenda wapi, kiasi gani.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Sisi wazima.

La kushoto. Kushoto kwake, si kushoto kwako ukimtazama. Lilikuwa linaingia ndani, upande wa pua. Asubuhi akiamka lilikuwa limetulia. Lilikimbia akichoka, au akisikiliza jambo kwa bidii. La kulia lilibaki kwangu, lile lingine likienda zake.

Sina maneno mengine. Lirudishe.

Mdogo wako


28 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na mimi sijambo.

Ndani utaikuta. Nimefanya kazi hii wiki tatu, kila baada ya wateja kuondoka. Nimelisogeza kwanza sana, likawa kama la mtu anayefanya mzaha. Nikalipunguza, likawa kama limenyooka. Mwisho nimepata hapa katikati. Weupe wa nje nimeuongeza, wa ndani nimeupunguza, ukope wa juu nimeushusha kidogo kwa sababu wenye kengeza ukope wao huwa haukai sawa. Makamasi nimeyaweka. Alama ya mbu nimeichora, sina hakika kama ilikuwa hapo au chini zaidi.

Nitakuambia ukweli hata kama unaniaibisha: nimefurahi kuwa na kazi ya kufanya. Wiki hizi tatu nilikuwa naamka nikijua mkono wangu unakwenda wapi.

Niandikie ukiiona.

Kaka yako


9 Agosti

Kaka,

Umengoja sana, najua. Wewe hujambo? Mimi sijambo.

Si yeye. Umetengeneza mtoto mwenye ugonjwa wa jicho. Mwanangu hakuwa mgonjwa. Alikuwa anatazama, basi, kwa namna yake. Huyu uliyeniletea hatazami kitu. Nimemrudisha ndani ya bahasha na nimeigeuza bahasha iangalie ukuta.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu, hata baba yake. Watu wote wanasema aliteleza. Hakuteleza. Ngazi zilikuwa kavu. Alikuwa mbele yangu hatua mbili, mimi nina kapu mkononi. Alipofika pale kabla ya kona alinyanyua mguu, akauweka mahali pasipo na kitu. Aliuweka bila wasiwasi, kama mtu anayejua ngazi iko pale. Na mikono alikuwa ameiweka nyuma, unavyomjua. Daktari alisema hapimi karibu na mbali. Daktari alisema.

Siku ya kliniki nilikuwa kwako, nimeshika shuka jeupe.

Sikusemi wewe peke yako. Mimi ndiye niliyekuomba ulinyooshe, mara tatu, kwa sababu nilikuwa naona aibu wakimtazama. Nilimwonea aibu mwanangu, Kaka. Lakini wewe ulisema kliniki ingoje, tena ukacheka. Nimekukasirikia. Hasira yenyewe haina nguvu, imekaa tu kama mgeni asiyeondoka, ila ujue ipo.

Na hili pia ujue. Jicho lile halikuja kutoka hewani. Marehemu Mama alipomshika siku ya kwanza alimtazama akasema huyu amechukua kwa mjomba wake. Nililelewa na jicho hilo. Nilikuwa nikikusomea mashairi ya shule ukiwa umechoka, nalo linaondoka taratibu kuelekea puani, na mimi najua kwamba sasa unasikiliza kweli. Halafu ukapata kamera, ukalificha nyuma yake mpaka leo. Picha zote za harusi yangu umezipiga wewe na haumo hata moja. Eti hukumbuki lilivyokuwa. Nenda kwenye kioo.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya kwa sababu kila salamu niliyoianza niliiona haifai. Basi nakusalimu tu. Shikamoo zote alizonidai Bwana Mkubwa, kana kwamba yeye ndiye mkubwa wangu, nakupa wewe.

Mimi ndiye niliyesema kliniki ingoje. Nimeiandika sentensi hii kwenye karatasi mara nyingi, naisoma, na haiumi inavyopaswa kuuma. Naisoma kama jina la mteja kwenye daftari. Hilo ndilo linalonitisha kuliko sentensi yenyewe. Ningependa iniume. Nadhani itaniuma siku moja nikiwa nimebeba kitu, nami nitakiangusha.

Watoto nimeacha kuwapiga picha tangu ile barua yako. Kuna mama alikuja na wa kwake, binti mdogo mwenye alama ya moto shingoni, akaniomba niifute. Nilimwambia taa zimeharibika. Zilikuwa zinawaka zote.

Nimekwenda kwenye kioo. Kwanza niseme, picha yangu ya mwisho ilikuwa ya kitambulisho, na hiyo niliinyoosha mwenyewe kabla ya kuipeleka, mpaka karani akanitazama mara mbili. Sasa nimeweka kamera juu ya meza, nikakaa upande ambao wateja hukaa. Sikujua kiti kile ni kigumu vile. Nilijipiga kama arobaini. Jicho haliji ukiliita. Nikilingoja linakaa sawasawa kama askari kwenye gwaride. Siku ya tatu nilikuwa nimefanya kazi kutwa, nimechoka, nimesahau hata kwamba nimeacha kamera inajipiga yenyewe kila baada ya dakika moja. Nilikuwa nasikiliza redio ya jirani, wanazungumzia bei ya saruji. Kesho yake nikazipitia na limo. Limetoka kidogo tu, ndani, upande wa pua, na la kulia limebaki. Nilimwona Bwana Mkubwa kabla sijajiona mimi.

Nimelitoa langu, nikalipunguza, nikaliosha wekundu wa utu uzima, nikampa. Safari hii sijachora. Ni jicho la kweli, la mtu anayesikiliza.

Limo kwenye bahasha ndogo iliyofungwa. Ikiwa huna moyo wa kuliona, irudishe hivyohivyo, sitauliza.

Kaka yako


14 Oktoba

Kaka,

Bahasha iliniangalia siku mbili. Leo mchana nimeweka maharage jikoni, nikaifungua nimesimama.

Jicho ni lenyewe. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu. Nimelia, Kaka. Nimelia kwa sauti, hadi jirani wa chini alipanda mbio na shemeji yako akatoka bafuni na sabuni kichwani, na maharage yakaungua yote, na hakuna aliyezima jiko kwa sababu wote walikuwa wamenishika mimi. Nyumba nzima inanuka. Mkono uliolaliwa ukianza kuzinduka unauma, nilikuwa nimesahau.

Lakini jicho tu. Uso ni ule ulioufua. Mashavu si yake, na ule mdomo uliufunga ukaupendezesha, wakati yeye hakuwahi kuufunga isipokuwa akila. Nimejaribu kuuficha uso kwa viganja vyangu nikaacha jicho peke yake, na hapo ndipo alipokuwa. Nilivyotoa mikono akaondoka tena. Nadhani hivi ndivyo itakavyokuwa. Usinitengenezee nyingine. Ya ukutani tumeishusha, baba yake ameiweka kabatini na hakuniuliza kwa nini, kwa hiyo nikamweleza. Nimemweleza yote, ya kliniki pia. Akasema yeye ndiye aliyepigilia msumari.

Sijakusamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo usidhani umebaguliwa. Tungoje tuone.

Yule mama wa binti mwenye alama ya moto, mtafute. Mwambie taa zimepona, umpige picha mwanawe alivyo, na hata asipoipenda umpe, usiifute.

Halafu njoo. Usije na kamera, wala bahasha, wala maneno uliyoyapanga ndani ya basi. Ukifika utakaa kwenye kile kiti kinachoelekea dirisha, nami nitakaa mbele yako, karibu. Nitakusimulia mambo yake, mengine huyajui. Nawe usijishughulishe kulishika jicho lisiende. Najua utataka kugeuka pembeni, umezoea. Usigeuke. Ukae hapo unisikilize mpaka uchoke.

Mdogo wako